Nchi Tatu kwa Nauli ya Basi: Safari ya Familia Kutoka Tunduma

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), aliyeifanya ardhi kuwa pana na akatuhimiza mara nyingi katika Kitabu chake tutembee ndani yake na tuzingatie mwisho wa waliotutangulia.

Kila likizo ya shule inapokaribia, wazazi hutuuliza kama safari ya nje ya nchi ni ya matajiri peke yao. Sisi wa Tunduma tuna jibu jepesi, kwa kuwa Zambia tunaiona kutoka vibarazani mwetu na Malawi haiko mbali. Mwaka jana familia sita za msikiti wetu zilikanyaga nchi tatu kwa siku nne, na hakuna aliyepanda ndege wala aliyekopa.

Kutokukopa ndilo lilikuwa sharti letu la kwanza. Kila Ijumaa, kwa miezi minane, kila familia iliweka ilichojaaliwa. Mwanzoni tulikusudia kufika Mpulungu, kwenye Ziwa Tanganyika. Tulipopiga hesabu tukabaini kwamba mjane mmoja na wanawe wawili wasingeimudu njia hiyo. Ikatubidi tuchague ama kwenda mbali tukiwa wachache, ama kwenda karibu sote. Tukaifuta Mpulungu. Baadhi ya vijana walinung'unika, lakini hakuna aliyebaki nyumbani.

Siku ya kwanza tulivuka kwa miguu hadi Nakonde. Huko watoto walijifunza kwamba saa za Zambia ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Adhuhuri inayoingia Tunduma karibu na saa saba, kwa saa za Nakonde huwa ni karibu na saa sita, na simu hujibadilisha zenyewe bila ya kumwarifu mwenyewe. Jua halijui mpaka, na swala hufuata jua. Tena tulisali rakaa nne kamili, kwani kuvuka mpaka wa serikali kwa hatua chache hakumfanyi mtu kuwa msafiri kisharia. Tuliwaonesha pia reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Jioni tukarudi kulala majumbani mwetu, na gharama ya malazi ya usiku ule ikawa sifuri.

Siku ya pili tulishika njia ya Mpemba na Itumba hadi Isongole, wilayani Ileje, tukaingia Chitipa. Kutoka Chitipa hadi Karonga ni takriban kilometa 100, barabara ikiteremka kutoka milimani hadi ziwani. Hapa sasa tulikuwa wasafiri kweli, tukapunguza swala na kuzikusanya.

Kosa letu kubwa lilikuwa la fedha. Zambia na Malawi zote huita fedha yao kwacha, lakini thamani zake hazikaribiani. Zambia iliondoa sifuri tatu katika fedha yake mwaka 2013, Malawi haikufanya hivyo. Mweka hazina wetu alibadilisha fedha barabarani kwa haraka, akadhani kwacha ni kwacha, na sehemu ya fungu la chakula ikapotea. Tangu hapo tumeazimia kubadilisha benki au kwenye duka lenye leseni, na watu wawili wahesabu.

Allah akatufanyia wepesi, kwani Karonga chakula ni rahisi. Samaki wa ziwani hawahitaji kuuliza nani amechinja, na wenyeji huwaita usipa kwa jina lile lile la Kyela. Mchele wao mashuhuri unaitwa Kilombero, jina la bonde letu la Morogoro.

Katika makumbusho ya Karonga watoto walistaajabia mfano wa mifupa ya Malawisaurus, mnyama mkubwa wa zama za kale. Sisi wakubwa tulizungumza zaidi juu ya Mlozi, mfanyabiashara Mswahili aliyejijengea ngome karibu na hapo, akapigana na Waingereza, akanyongwa mwaka 1895. Kijana mmoja aliuliza: "Huyu alikuwa shujaa wetu?" Tulimjibu kwamba Mlozi aliuza pembe na watu, na Wangonde walidhulumiwa naye. Kuwa Mwislamu hakumtakasi mwenye kudhulumu, na kunyongwa na mkoloni hakufuti dhulma aliyoitenda. Tuliona haya, lakini afadhali mtoto aisikie kwetu.

Tulirejea kwa daraja la mto Songwe, tukapitia Kasumulu, tukala mchana Kyela, tukapita mashamba ya chai ya Tukuyu na Mbeya hadi nyumbani.

Kwa familia inayonuia, ushauri wetu ni huu. Ulizeni mapema ofisi ya Uhamiaji kuhusu pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, kwa kila mtoto pia. Bebeni kadi za chanjo ya homa ya manjano. Mteueni amiri wa safari, kama alivyotufundisha Mtume (s.a.w.). Wekeni kando sehemu ya fedha isiyoguswa ila kwa dharura. Kisha hesabuni kwa kumwanzia yule mwenye uwezo mdogo kuliko wote, na umbali wa safari uwe ule anaoumudu yeye.

Mwaka huu mjane yule ndiye anayetunza daftari la michango. Insha Allah, tukijaaliwa, Mpulungu tutafika, sote.