Kijana akianza kubeba vyuma nyumbani, msimamie

Isansa, wilayani Mbozi, kijana anayetaka kujenga mwili hasubiri kwenda jimu Tunduma. Anatafuta bomba la chuma na makopo mawili ya rangi, anayajaza zege, na baada ya siku chache ana chuma chake nyuma ya nyumba.

Hapo wazazi huanza kuvutana. Baba anasema kazi ya shamba inatosha. Mama anaogopa mtoto atadumaa. Kijana naye ana hoja: “Mbona gunia la mahindi nabeba, baba?”

Hofu ya kudumaa haina msingi. Mazoezi ya nguvu yenye mpangilio na usimamizi hayazuii kijana kurefuka. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki.

Hatari iko kwenye uzito na mpangilio.

Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20. Ikijaa zege inakaribia kilo 48. Ndoo mbili, kabla ya kuhesabu bomba, zinakaribia gunia la mahindi la kilo 100. Kwa anayeanza, kopo la lita 4, ambalo likijaa zege lina karibu kilo 10, linatosha kila upande, na hata hilo huenda likawa zito kwa wengine.

Upande wa mpangilio, vijana wengi huanza na pushapu za haraka hadi jasho litiririke, kisha ndipo wanyanyue chuma kizito mbele ya wenzao. Wakati huo misuli imechoka, mgongo unapinda, na kuumia ni rahisi.

Wafanye kinyume. Baada ya kupasha mwili dakika 10, kizito kianze: seti 3, na mapumziko ya dakika 2 hadi 3 kati yake. Uzito uwe ule anaoweza kunyanyua mara 8 mgongo ukiwa umenyooka. Asilale chini ya chuma akiwa peke yake.

Chuma kikishawekwa pembeni, ndipo mazoezi mepesi ya haraka yafuate kwa dakika 8: pushapu 10, kuchuchumaa mara 10 bila mzigo, kuvuta madumu ya maji ya lita 5 mara 10, kisha anarudia. Akichoka hapo, hakuna chuma cha kumwangukia.

Siku aliyobeba magunia ya mahindi au kahawa, hesabu kwamba kizito ameshafanya. Chuma kisubiri kesho kutwa.

Akipata maumivu makali ya misuli na mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Misuli iliyoharibika inaweza kuumiza figo. Maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni nayo yasingoje.

Mzazi hahitaji kujua kunyanyua vyuma. Inatosha atoke nje jioni, autazame mgongo wa mwanawe, na ukianza kupinda aseme: “Weka chini, baba, punguza.”