Plagi Ina Jina Lake

Mwaka juzi taasisi moja jirani na kwetu Mazingara ilipata mashine ya kukatia nyasi, ile ya kukaliwa na dereva kama trekta dogo. Ilikuwa imekwisha kutumika ughaibuni miaka mingi, ikafika na kitabu cha maelezo cha Kiingereza kilichokunjamana. Aliyekabidhiwa kuiendesha na kuitunza alikuwa kijana niliyewahi kumfundisha sekondari, mwepesi wa mikono, ila Kiingereza hakikuwa rafiki yake. Nikaombwa nimfasirie sura ya usafi, uhifadhi na matengenezo. Nilifurahi. Mwalimu mstaafu akiombwa kazi ya lugha hufurahi kupita kiasi, na furaha ile ndiyo iliyoniponza. Au niseme kweli, ndiyo iliyomponza yeye.

Nilikaa na kamusi siku nne. Plagi sikuiandika plagi. Niliona ni neno la gereji, nikaunda “kiwashio cha cheche”. Kabureta ikawa “kichanganyahewa”. Lile bati pana la chini linalofunika visu nililiita “kuba la vikato”. Nikaandika: kabla ya kusafisha kuba la vikato, hakikisha kiwashio cha cheche kimetenguliwa. Nilijisomea sentensi ile kwa sauti, nikapendezwa na mlio wake.

Masika ikaja. Nyasi mbichi za masika hunata chini ya bati kama ukoko wa ugali sufuriani, na zikiachwa huko hula bati kwa kutu. Kijana, kwa bidii yake, akaegesha mashine, akafungua karatasi yangu na kuisoma. Kiwashio? Akaona ni pale penye ufunguo, maana ndipo mashine inapowashiwa. Akazima, akauacha ufunguo pale pale, akachutama upande wa pili na kuingiza mkono. Mwenzake akaona wingu limetanda, akaja kwa nyuma, akapanda kitini ili aisogeze mashine chini ya mwembe. Mashine mpya isingekubali kuwaka huku visu vimeunganishwa, lakini swichi za usalama za hii zilikuwa zimerukwa kwa vipande vya waya na fundi fulani wa huko ilikotoka. Visu vilizunguka muda mfupi tu. Kijana alipoteza ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati.

Nilipokwenda kumjulia hali alinisalimu kwa adabu ileile ya darasani. “Shikamoo, mwalimu.” Kisha akasema, “Ungeandika plagi tu, mwalimu, ningeelewa.”

Sikuwa na la kujibu.

Wasomaji wa ukurasa huu wananijua kwa ubishi wangu juu ya maneno ya kukopa, na sijaacha kuamini kuwa Kiswahili kina tumbo la kuzaa. Kiyoyozi kilizaliwa, kikakubalika, na leo kinatamkwa na wauzaji wake. Ngamizi ilipendekezwa kwa kompyuta, nayo ikabaki kwa wachache wetu tunaopenda kumbukumbu. Lakini hapa Korogwe, kwenye mashamba ya mkonge, mashine ya kusindika majani huitwa korona. Wenye mikono waliipokea mashine pamoja na neno, wakalipa neno ngeli na kazi, likawa lao. Mimi nilitaka kumvua mtu wa kazi jina analolijua na kumvika langu, tena mahali ambapo kutoelewa hulipwa kwa damu.

Nikaanza upya. Safari hii kamusi niliiacha nyumbani, nikaenda na daftari kwa fundi mmoja wa Korogwe mjini, na kijana akafuatana nami akiwa bado na bendeji. Fundi alitaja, mimi nikaandika: plagi, kabureta, oili, grisi, mkanda, beringi. Waya wa plagi ukishachomolewa, alisema, usogezwe mbali usirudi kugusa. Petroli isimiminwe injini ikiwa moto, na maji yasimwagiwe injini iliyotoka kazini. Kiangazi kikiingia, nyasi zikikoma, petroli isiachwe ilale miezi ndani ya tangi, maana huchacha na kuacha utando wa gundi unaoziba kabureta. Mashine isilazwe penye jiko wala jenereta, kwa kuwa mvuke wa petroli huufuata moto uliko. Na kabla ya kuwasha tena baada ya miezi hiyo, funua uangalie panya.

Kilichonishangaza ni kisu. Fundi alikinoa kwa tupa, kisha akakining'iniza kwenye msumari kupitia tundu la katikati. Kikainama upande mmoja. Akautupia tupa upande mzito, akaning'iniza tena, hadi kikatulia sawasawa, kwani kisu kisicho sawa hutetemesha mashine nzima na kuua beringi. Nilicheka peke yangu. Miaka yote ile nimewafundisha wanafunzi mizani kwa kuhesabu vidole.

Kijana ndiye aliyeomba shairi. Alisema karatasi hulowa na kupotea, ila cha kukariri hakipotei. Nikamtungia huu, akauandika kwa rangi ukutani mwa banda:

Ufunguo mfukoni, waya wa plagi ung'oe,
Kisha nenda mvunguni, nyasi zote uzitoe,
Na kijiti mkononi, vidole uviokoe,
Kuirudisha bandani, ngoja injini ipoe.

Malenga atakayeihesabu “pla” kuwa mizani mbili ataukuta mstari wa kwanza umezidi. Anisamehe, nimefuata matamshi ya gereji. Na “kuba” limekwenda zake, limekuwa mvungu, kama wa kitanda, neno alilolitaja kijana mwenyewe bila kufikiri.

Wiki iliyopita nilipita pale nikamkuta anakwangua, ufunguo umo mfukoni, waya wa plagi umefungwa kando kwa kamba ya mkonge. Ameshika kijiti kwa mkono wa kushoto. Aliniuliza kama ubeti wa betri uko tayari, kwa sababu mwenzake huwa anasahau kuanza kufungua upande wa hasi. Nilimwambia nimekwama kwenye kina cha kati.

“Weka chochote, mwalimu,” alisema, “ila hasi ije mwanzo.”