Mabinti Zetu Waenda Dar es Salaam

Mwezi wa saba ukiingia, akina mama wa Tarime na Serengeti wenye watoto vyuoni huanza kuulizana swali moja sokoni na kanisani: "Wako kapata fildi wapi?" Zamani wengi wetu tulidhani chuo kikifungwa mtoto atarudi nyumbani kutusaidia kuvuna mahindi na kuanika mtama. Siyo hivyo. Ile likizo ndefu ya kati ya Julai na Septemba ndiyo wakati wa mafunzo kwa vitendo. Kwa vyuo vingi ni wiki 8 hivi. Mwanafunzi anakaa ofisini au hospitalini kama mfanyakazi, kila siku anaandika katika kitabu chake kazi aliyoifanya, na mwalimu anakuja kumkagua. Bila hayo masomo hayajakamilika.

Kwetu nafasi hizo ni chache. Ziko halmashauri, hospitali, benki chache, mgodi wa dhahabu wa North Mara kule Nyamongo, na upande wa Serengeti iko hifadhi pamoja na hoteli za watalii. Wanafunzi ni wengi kuliko meza. Ndiyo maana mwaka 2024 mabinti zetu wawili, wanaosoma uhasibu Mwanza, waliandika barua nyingi sana na majibu yakatoka Dar es Salaam. Sisi mama zao, mmoja wa Tarime mjini na mwingine wa Mugumu, tukaamua kuwasindikiza na kukaa nao siku tisa za mwanzo. Mmoja wetu alikuwa ameiona Dar mara moja tu, alipokwenda na kwaya mwaka 1998. Mwingine hakuwahi kuvuka Singida.

Msomaji atauliza, mabinti wa chuo wasindikizwe kwa nini? Watu wa nyumbani nao waliuliza. Lakini wengine hawakuuliza, walihukumu. Bibi wa binti wa Tarime, mzaa baba, alisema tunampeleka mtoto mjini akapotee, wakati kuna watu wamekwisha kuja kuzungumza habari za ng'ombe. Na nyuma ya neno hilo lilikuwako jingine. Binti huyu hakukeketwa. Mama yake alikataa, na alipokuwa darasa la sita akampeleka kwa masista wa Masanga msimu ulipofika, akabaki huko mpaka ngoma zilipokwisha. Wakurya wanaojua watatuelewa tukisema kwamba jambo hilo halikusahauliwa ukoo mzima. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Binti yetu sasa alikuwa na miaka 22, na 2024 ulikuwa mwaka wa kugawanyika kwa mbili, ambao Desemba yake ndiyo msimu wenyewe.

Tulisafiri mwanzo wa Agosti. Mama wa Mugumu na bintiye walikuja Tarime kwa njia ya Nyamongo, wakauvuka Mto Mara. Ni mto huohuo ambao upande wa juu, kule Kogatende, nyumbu wanauvuka kwa maelfu katika miezi hiyohiyo, na wageni wanatoka Ulaya na Marekani kuja kuutazama. Sisi tunaokaa kando ya hifadhi tunawajua zaidi tembo, maana ndio wanaoingia mashambani. Asubuhi basi likatoka Tarime, tukauvuka Mara tena pale Kirumi karibu na unapoingia ziwani, tukapita Bunda, na kabla ya Lamadi tukawaonyesha mabinti lango la Ndabaka, mahali hifadhi inapokaribia kugusa ziwa. Hawakutazama. Walikuwa na simu zao.

Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya miaka mingi ya kulazimika kulala njiani. Basi letu liliendelea Shinyanga, Nzega, Singida, mpaka Dodoma. Hapo tulishuka, maana mabinti walitaka treni mpya ya umeme, ambayo ilianza kupeleka abiria kati ya Dar na Dodoma Julai 2024. Kwa kweli tunaisifu. Chini ya saa nne tulikuwa Dar, miguu haijavimba. Unga wa mtama na muhogo, pamoja na ndoo ya dagaa wa Musoma, tuliuacha uendelee na basi hadi kituo cha Magufuli kule Mbezi, tukaufuata kesho yake. Harufu ya ndoo ile isingetuletea marafiki katika behewa lenye kiyoyozi.

Dar ina watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya mwaka 2022. Mkoa wetu wote wa Mara, kutoka Sirari hadi Bunda, kutoka ziwani hadi Serengeti, una watu zaidi ya milioni 2.3. Mtu anaweza kuisoma hesabu hiyo asisikie kitu. Akisimama Kariakoo saa tano asubuhi, huku ameshika mkono wa mtoto wake kama aliye na miaka mitano, ataisikia.

Makao ndiyo yaliyotusumbua kuliko yote. Wenye nyumba wa Dar wanataka kodi ya miezi sita, wengine ya mwaka. Mwanafunzi wa wiki nane afanyeje? Wengi hufikia kwa ndugu, nasi tulikuwa tumepanga hivyo: binti wa Tarime akae kwa shangazi yake, ng'ambo ya Gongo la Mboto, na mwenzake akae naye. Shangazi alitupokea vizuri, akachinja kuku. Usiku tukaona mpangilio. Mabinti wangelala sebuleni baada ya televisheni kuzimwa, waamke saa kumi alfajiri kujaza mapipa ya maji na kuwaandaa watoto wa shule, kisha wapigane na daladala mpaka Posta. Hayo bado tungeyavumilia. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndivyo tulivyolelewa.

Siku ya pili, tukinywa chai, shangazi akasema kwa sauti ya upole kabisa kwamba amezungumza na wazee kwa simu. Wenye ng'ombe hawana neno na elimu. Wanachotaka ni binti aje nyumbani Desemba "akamalize mambo yake", kisha ndoa. Yeye mwenyewe angemleta. Nauli alikuwa nayo.

Tulitazamana. Mama wa Tarime hakujibu pale mezani, maana shangazi wa mtoto ni kama baba wa mtoto na hajibiwi ovyo. Alimshukuru kwa kuku, akamshukuru kwa malazi, akasema, "Shangazi, ofisi ni mbali, watoto watachelewa kazini." Tukafunga mizigo. Nje ya lango binti akamwuliza mama yake, "Kwa hiyo baba anajua?" Mama akampigia mumewe palepale barabarani, mbele yetu sote, magari yakipita. Baba alikuwa anajua kwamba wazee wanasema. Hakujua kwamba nauli imeandaliwa. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mtafutieni mahali pengine." Tunaliandika neno hilo kwa sababu kuna akina mama watakaosoma hapa ambao waume zao hawajalisema bado.

Siku mbili tulilala hosteli ya YWCA katikati ya jiji, nasi tunawashauri akina mama waikumbuke, kwa kuwa binti anayefika jiji geni anahitaji kwanza mlango unaofungwa na watu wanaojulikana. Jumapili tukaenda kanisani tukiwa na barua ya utambulisho kutoka kwa mchungaji wetu wa nyumbani. Barua hiyo ilitusaidia kuliko fedha. Viongozi wa umoja wa akina mama waliisoma, wakanong'onezana, na baada ya ibada tukapelekwa kwa mjane mmoja wa Kimara, muuguzi mstaafu, mwenye chumba kilichobaki wazi tangu mwanawe wa mwisho aolewe. Alitaka kodi ya mwezi kwa mwezi. Masharti yake yalikuwa matatu: wawe ndani saa moja na nusu usiku, wasilete mgeni wa kiume, na dagaa wapikwe uani.

Kimara ni mwanzo wa njia ya mwendokasi, yale mabasi yenye barabara yao wenyewe yaliyoanza mwaka 2016. Tuliifanyia mazoezi njia hiyo mara mbili kabla ya Jumatatu: Ubungo, Magomeni, Jangwani, mpaka Kivukoni na kurudi. Mkoba ukae mbele kifuani, simu isitolewe mlangoni, nauli iwe tayari mkononi. Tuliwaonyesha pia bonde la Jangwani na kuwaambia kwamba mvua kubwa zikinyesha hapo hujaa maji na mabasi husimama, ingawa Agosti ni kipupwe na mvua hiyo hawakuiona. Wenyeji wanasema kipupwe ni baridi. Sisi wa Tarime, tuliokulia kwenye baridi ya milimani, tulilowa jasho hata usiku.

Sasa tuseme habari ya ulimi, maana hakuna aliyetuonya. Mkurya hazunguki. Akitaka chai anasema, "Lete chai," wala hana ubaya moyoni. Siku ya kwanza kwenye mgahawa binti wa Mugumu alisema hivyohivyo, na mhudumu, msichana wa rika lake, akamtazama kuanzia kichwani hadi viatuni. Chai ilikuja imepoa. Mwenyeji wetu wa Kimara, ambaye kwao ni Bagamoyo, alicheka mpaka akatoa machozi tulipomsimulia, kisha akawakalisha mabinti jioni nzima. Dar unasema, "Naomba chai, dada." Unaingia ofisini unawaamkia wote, na aliyekuzidi umri unampa shikamoo hata kama ni mfagizi, na hasa kama ni mfagizi, kwa sababu yeye ndiye anayejua mkubwa yuko wapi na leo kaamkaje. Ukikataa jambo unasema, "Samahani, sitaweza," huku unatabasamu. Hapo binti wa Tarime akauliza, "Na mtu akiendelea baada ya samahani?" Mama yule akajibu kwamba hapo ndipo arudi kwenye Kikurya chake.

Tuliona ameugusa mlango tuliokuwa tunauogopa, tukaingia. Wanafunzi wa fildi hawana mshahara, hawana mkataba, na alama zao ziko mikononi mwa msimamizi. Wako wasimamizi waungwana, nao ni wengi. Wako pia wanaosema fomu itasainiwa baada ya chakula cha jioni mahali fulani. Tuliwaambia mabinti waziwazi kwamba hiyo inaitwa rushwa ya ngono, kwamba Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaihesabu kuwa kosa la jinai, na kwamba TAKUKURU hupokea taarifa bila malipo kwa namba 113. Wakaandika namba hiyo kwenye simu. Tukawaambia pia waandike tarehe na maneno aliyoyasema mtu, na wasifute ujumbe wowote. Ni mazungumzo ya aibu kati ya mama na binti. Sisi wenyewe mama zetu hawakuyafanya nasi. Tulifundishwa kunyamaza, tukaolewa tumenyamaza.

Fedha tutazitaja kwa ufupi. Mwanafunzi mwenye mkopo wa serikali hupewa fungu la mafunzo kwa vitendo. Asiye na mkopo hutegemea nyumbani. Kati yetu mmoja aliuza mtamba. Chakula ndicho kinachokula fedha, kwa hiyo mabinti walipika usiku, wakabeba mchana, na unga wetu uliwafikisha wiki ya sita.

Siku ya tisa tulirudi. Walitusindikiza mpaka kituo cha treni, na wao ndio waliotuonyesha mlango wa kupitia.

Wiki nane zikaisha. Binti wa Mugumu alipata alama nzuri, ila anasema hataki kuishi Dar, atatafuta kazi upande wetu hata kama ni ndogo. Mwenzake ameipenda. Desemba ile hakuja Tarime. Mama wa Kimara alimwita, akala naye sikukuu, na baba yake ndiye aliyewaambia wazee kwamba mtoto hatakuja. Wenye ng'ombe wamekwenda kwingine. Bibi hakumsemesha mkwewe wala mwanawe kwa miezi, lakini mwezi wa pili alimpa kondakta wa basi mfuko wa ulezi, kilo tano hivi, umeandikwa kwa kalamu nene jina la mjukuu na neno Mwanza.