Mwanza: Tulivyonuniana kwa Neno ‘Shopping’

Mchumba wangu alisema maneno mawili tu: “Jumamosi shopping!”

Tulikuwa tumetua Mwanza Ijumaa jioni, safari yangu ya kwanza ya kwenda kujitambulisha kwa mama yake. Kwa binti aliyekulia Dar kama mimi, neno hilo lina maana moja: unapendeza, unabeba mkoba, mnazunguka madukani mmeshikana mikono, mnakula aiskrimu. Kununua ni sehemu ndogo tu. Hata nikirudi mikono mitupu, nimefanya shopping.

Basi asubuhi nikavaa visigino virefu. Nilishasikia habari za Rock City Mall, nikajua ndiko tunakoelekea. Bajaji ikaipita! Tukashukia Mwaloni, Kirumba.

Kama hujafika, Mwaloni ni soko la samaki ukingoni kabisa mwa Ziwa Victoria. Dagaa wakavu wamejaa magunia kwa magunia, na wanunuzi wengine wanatoka hadi Kongo. Harufu usiseme! Dagaa wanapimwa kwa sado, lile kopo la rangi la lita 4. Wanavuliwa usiku kwa taa, maana wanaufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazifui dafu, mzigo unapungua. Wiki hiyo mwezi ulikuwa mpevu na bei imechangamka. Nilichofanya cha maana ni kukataa fungu la kwanza: nilitafuna dagaa mmoja, mchanga ukanilia menoni.

“Hii ndiyo shopping?” nikamuuliza.

“Kwani hapa hatununui?”

Nikanuna. Nikakumbuka kwamba ziwa hilihili ndilo linalotoa minofu ya sangara inayopelekwa Ulaya, mtu wa huko akaiweka kwenye kikapu chake safi kabisa. Mifupa na vichwa, yaani mapanki, vinabaki kwa wa hapa. Nikajiona na mimi nimeletewa mapanki.

Tukanuniana hadi Mlango Mmoja, kwenye mitumba. Alipoinua gauni moja na kulikung’uta vumbi, uvumilivu ukaniisha. “Harusi imebaki miezi minne, wewe unanivalisha mtumba?”

Akaliweka lile gauni chini, polepole. “Kazini walitupunguza tangu mwezi wa tatu,” akasema. “Zile wikiendi zetu za mwisho za Mlimani City, nilikuwa nakopa kwa washikaji. Nilijua ukisikia utaondoka.”

Jamani! Nikakaa juu ya belo la mitumba na visigino vyangu, sina la kusema. Hasira yangu haikuwa tena ya gauni. Miezi mitatu nimecheka na mtu anayedaiwa kwa ajili ya aiskrimu yangu, na hakuniambia.

Tulifika kwa mama yake hatuongei.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Karibuni. Mmehemea nini?”

Kuhemea! Neno hilo nilikuwa nalisoma vitabuni tu. Leo wengi wanalitumia kwa kununua chakula cha nyumbani, lakini asili yake ni kwenda mbali kutafuta chakula, hasa njaa ikibisha hodi. Mama akachota dagaa kiganjani, akamtafuna mmoja. “Hawana mchanga. Nani kachagua?”

“Mkweo,” mchumba wangu akajibu.

Mama akacheka, akaniketisha kwenye mkeka kando yake. Akatusimulia mwaka mmoja wa njaa, marehemu mume wake alivyotembea siku mbili kwenda kuhemea mtama. “Mara ya kwanza alirudi mikono mitupu,” akasema. “Aliniambia pale pale mlangoni, kabla hajakaa. Ndiyo maana mara ya pili nilimpa shanga zangu akauze.”

Hakuwa anajua lolote la kwetu. Mwanawe akainamisha kichwa.

Jioni tulikaa ufukweni tukitazama lile Jiwe la Bismarck, tukatoa kalamu. Deni lote akalitaja, shilingi kwa shilingi. Tukafuta ukumbi, tukapunguza wageni, harusi ikasogezwa mbele. Sitakudanganya kwamba nilisamehe siku hiyo hiyo. Lakini kwa mara ya kwanza tulikuwa tunasoma hesabu moja.

Kwa hiyo wewe uliye kwenye uchumba, usiishie kumuuliza mwenzio rangi aipendayo. Muulize: kwako shopping ni nini? Ni matembezi, ni mtumba, au ni sado la dagaa kwa mama? Na hela inatoka wapi?

Jumapili, kabla ya ndege, tulipita Rock City Mall. Tulinunua aiskrimu mbili kwa hela yangu, tukazunguka, tukatoka mikono mitupu. Lile gauni la Mlango Mmoja lilikuwa tayari kwenye begi langu. Nilirudi kulinunua mwenyewe.