Umelala, Umesimama, Umekufa

Kitenzi "kusimama" kina sura mbili ambazo Mswahili huzitumia bila kuziwaza. Mwanafunzi husimama mwalimu aingiapo darasani. Saa husimama betri iishapo. Yule ameinuka, hii imekoma. Tangu nilipotoka Chuo cha Ualimu Kleruu, Iringa, hadi nilipostaafu hapa Mbeya, sura hizo hazikupata kunitia taabu, mpaka mpwa wangu aliponijia na daftari.

Kijana huyo asoma uhandisi wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Baada ya shikamoo na marahaba alisema, "Mjomba, nisaidie Kiswahili cha hali za michakato." Alikuwa akiwaandalia wenzake wa mwaka wa kwanza maelezo ya GDB, chombo alichokianzisha Richard Stallman mwaka 1986 kwa ajili ya kuchunguza kasoro za programu. Chombo hicho huishika programu ikiwa kazini, huisimamisha, kisha huihoji: u wapi, na u hali gani? Ukiandika amri ya info threads, hukuorodheshea nyuzi za mchakato, maana mchakato mmoja waweza kuwa na nyuzi nyingi zinazotumia kumbukumbu moja, kila uzi ukiwa kwenye mstari wake wa programu. Uzi unaoutazama hutiwa alama ya nyota. Ukiandika info proc status katika Linux, hukujibu, pamoja na mambo mengine, herufi moja ya hali: R, S, D, T, Z.

Maneno "mchakato" na "uzi" sikuyagusa, yamekwisha kuzoeleka. Kompyuta kusema Kiswahili nako si ajabu mpya, kwani mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice tangu mwaka 2004. Tatizo lilikuwa hali zenyewe. Mpwa wangu alikuwa ameandika: unakimbia, unalala, unasimama, unakufa. Nilitafuta kalamu nyekundu.

Kiambishi -na- kimemponza. Kwetu anayelala bado anajinyoosha kitandani, au ni mtu tunayetaja mazoea yake. Aliyekwisha kuzama usingizini amelala. Hali ni ya -me-: umelala, umesimama, umekufa. Wala hili si pambo la sarufi. Mwanafunzi atakayesoma "unakufa" atakaa kusubiri mchakato ufe, ilhali ulikufa zamani. Hali ya R peke yake ndiyo inayostahili -na-, lakini si "unakimbia", kwa sababu R ni herufi ya mchakato ulio kazini na vilevile ya ule unaongoja zamu yake tu. Saa hatusemi inakimbia ila ikipotosha majira. Saa inakwenda, basi na mchakato unakwenda.

Usingizi nao ni wa namna mbili. S ni usingizi wa mang'amung'amu: mchakato unangoja jambo, na ukiitwa huitika. D ni usingizi mzito usioamshika, mara nyingi wa kungoja diski, na hata amri ya kuua haiusikii mpaka uamke wenyewe.

Kwenye Z tulibishana. Waingereza huuita mchakato huo kwa jina la mfu atembeaye, na mpwa wangu alishikilia "msukule". Neno lina mvuto, nakiri, na lingemchekesha kila msomaji wa kwetu. Lakini msukule wa hadithi hufanya kazi. Husemwa kwamba humlimia bwana wake usiku. Mchakato wa Z haufanyi lolote. Umekwisha, umerudisha kumbukumbu yake yote, na kilichobaki ni jina katika rejista, kwa kuwa mchakato mzazi hajaja kuchukua taarifa ya kifo. Ukiupiga amri ya kuua, hakuna cha kuua. Nikapendekeza "mfu asiyezikwa". Akauliza, nani basi atamzika? Mzazi. Na mzazi akifa kabla? Hapo akanieleza kwamba kwa kawaida yatima hukabidhiwa mchakato namba 1, nao ndio huzika. "Kumbe namba 1 ni mjumbe wa nyumba kumi," nikasema, na ubishi ukaishia hapo.

Imebaki T, nayo ni mbili. T kubwa ni mchakato uliosimamishwa na yeyote mwenye mamlaka juu yake. Ile ndogo, t, ni mchakato uliosimamishwa na anayeuchunguza. Ukiuhoji mchakato ulioushika mwenyewe ndani ya GDB, utapewa t hiyo ndogo, hata kama punde kabla hujaugusa ulikuwa umelala; na kwa desturi ya chombo hicho, uzi mmoja ukifikia kituo ulichoweka, nyuzi zote husimama pamoja nao. Nilimkumbuka mkaguzi wa shule. Aingiapo, darasa zima husimama kwa maana zote mbili, naye huandika kwamba amelikuta darasa limetulia.

Kwa t hiyo nimependekeza "umezuiwa". Mpwa wangu apenda "umeshikiliwa", neno la kituo cha polisi, nami naona linauhukumu mchakato kabla ya kosa kujulikana. Malenga mliozoea kupima neno kwa mizani na kwa maana, leteni lenu. Maelezo yake yanachapwa kabla muhula haujafungwa.