Pinyo ya meno 14 ao 15? Hesabu ya familia iliyohamia mbali na mji

Kolwezi, jimbo la Lualaba. – Mwezi wa Septemba 2023, Amnesty International pamoja na shirika la IBGDH la hapa Kolwezi walitoa ripoti juu ya watu waliohamishwa kwa nguvu sababu ya migodi ya shaba na kobalti. Wakaaji wa Cité Gécamines wanajua habari hiyo vizuri kuliko ripoti yenyewe. Nyumba imesemwa, malipo yamesemwa. Kuna jambo dogo ambalo halisemwi sana: familia ikihamia pembeni ya mji, safari yake ya kila siku inabadilika, lakini pikipiki inabaki ile ile.

Baba mmoja mwenye watoto wanne yuko kati ya watu hao. Yeye ni dereva wa taksi-moto, wale tunaowaita wewa. Wakati familia ilikaa mjini, kazi yake ilikuwa lami tupu: abiria mmoja, mwendo mfupi, barabara sawa. Kwenye pikipiki yake pinyo ya mbele ilikuwa na meno 15, na kurone ya nyuma meno 42. Hakuna siku aliyofikiria kuyahesabu.

Leo safari inaanza na udongo mwekundu. Njia inashuka mpaka kwenye kijito, kisha inapanda upande wa pili, na wakati wa mvua mahali pale panateleza kama sabuni. Asubuhi anabeba watoto wawili kwenda masomo. Kisha mama watoto, pamoja na mfuko wa makala wa kuuza sokoni. Jioni anarudi na mfuko wa unga. Kwenye mpando ule, vitesi ya pili inashindwa na moteri inataka kuzimika. Akirudi kwenye ya kwanza, moteri inalia na mwendo ni kama wa mtu anayetembea kwa miguu. Basi akazoea kushika ambreyaji nusu-nusu, ili pikipiki ipande bila kuzimika. Diski za ambreyaji zikaungua. Akazibadilisha, na katika msimu ule ule wa mvua zikaungua tena. Mara ya pili pesa ilitoka kwenye ile iliyowekwa kwa ajili ya masomo ya binti yake mkubwa, aliye sekondari. Shule ya msingi ya serikali hailipwi tangu 2019, lakini sekondari inalipwa.

Fundi wake, kijana mwenye banda karibu na soko, hakuanza na ambreyaji. Aliuliza kwanza: «Yaya, unaendaka wapi kila siku, na unabebaka nini?» Baba akaeleza. Fundi akapiga magoti, akahesabu meno, akasema: «Ambreyaji haina kosa. Hii pikipiki iko bado inaishi mjini.»

Hesabu yake ni ya mtoto wa shule. Unagawa meno ya nyuma kwa meno ya mbele. 42 kwa 15 ni 2,8. Maana yake pinyo ya mbele inazunguka mara 2,8 ili gurudumu lizunguke mara moja. Ukiweka pinyo ya meno 14, 42 kwa 14 ni 3. Namba ikipanda, gurudumu linapata nguvu zaidi lakini linazunguka polepole zaidi. Namba ikishuka, unapata mwendo, unapoteza nguvu. Hakuna pinyo inayotoa vyote viwili. Kutoka 2,8 hadi 3 ni nguvu ya asilimia 7 zaidi, na mwendo unapungua kwa kiasi kama hicho: mahali moteri ilikuwa inakupeleka kilomita 60 kwa saa, kwa mlio ule ule sasa itakupeleka 56.

Mtu anaweza pia kuacha pinyo ya 15 na kubadilisha kurone, kutoka meno 42 hadi 45. 45 kwa 15 ni 3 vilevile. Jino moja la mbele ni sawa na meno matatu ya nyuma. Lakini kurone ni ya bei zaidi, na shene inaweza kuwa fupi. Ndiyo maana mafundi wengi wanaanza na pinyo.

Kuna sababu nyingine inayotuhusu sisi watu wa hapa. Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1.400 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na moteri isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Pikipiki ile ile inayovuta vizuri Dar es Salaam, kando ya bahari, ikifika kwetu imekwisha kuacha zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake njiani. Jino moja la pinyo linarudisha kwenye gurudumu karibu nusu ya kile ambacho hewa imechukua.

Wenye magari wanajua shida hiyo kwa jina lingine. Kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, pinyo na kurone zimefungwa ndani ya diferansieli. Meno 41 kwa 10 ni 4,1. Meno 43 kwa 10 ni 4,3. Katika nchi za mbali, wenye magari madogo mepesi ya michezo, kama Mazda MX-5, wanabishana miaka na miaka juu ya namba hizo mbili: moja ya kutulia kwenye barabara kubwa, nyingine ya kutoka kwa haraka kwenye kona. Nao mwishowe wanaulizana kama fundi wa sokoni: unaendaka wapi?

Baba hakukubali mara moja. Aliogopa mambo mawili: esanse, na wateja. Kwenye lami moteri itazunguka zaidi, kwa hiyo itakunywa zaidi. Na mteja mwenye haraka anapanda kwa yule anayekimbia. Mama watoto ndiye aliyemaliza mabishano. Alisema waandike. Juma moja na pinyo ya 15, juma moja na ya 14, safari zile zile, na kila jioni aliandika kwenye daftari esanse iliyonunuliwa na pesa iliyoingia.

Daftari lilionyesha kwamba esanse ilibaki karibu sawa. Alichopoteza kwenye lami, alikipata kwenye mpando, kwa sababu sasa alipanda na vitesi ya pili, ambreyaji imeachiliwa kabisa. Wateja wachache wa mjini walimwacha. Lakini majirani wa kule juu, ambao madereva wengi wanawakatalia ao wanawaongezea bei sababu ya njia mbaya, wakaanza kumngojea yeye. Mama mjamzito alipelekwa hospitali usiku bila kushuka kutembea kwenye mpando. Na ambreyaji haikuguswa tena mpaka mvua zikaisha.

Hiyo haisemi kwamba kila mtu abadilishe. Dereva anayefanya kazi kati ya Dilala na Manika kwenye lami, ao yule anayekimbia barabara ya Fungurume, abaki na 15. Atakayeweka 14 pale ataumiza moteri na mfuko wake bure. Na kushuka mpaka 13 ni jambo la kufikiria sana: pinyo ndogo inakunja shene kwa nguvu, na vumbi letu la wakati wa jua linamaliza shene hiyo mapema.

Mwenye kutaka kubadilisha aangalie kwanza shene yenyewe. Pinyo mpya kwenye shene iliyovutika italiwa haraka. Meno yakiwa yamepinda kama ndoano, badilisha vyote vitatu pamoja: pinyo, kurone, shene. Kisha rekebisha mvuto wa shene, maana pinyo ikipungua jino, shene inalegea kidogo. Shene iliyokazwa sana nayo ni mbaya: ikibeba watu wawili inaweza kukatika.

Binti amelipiwa muhula huu, kwa kuchelewa. Njia ya kijito bado ni ile ile, na mvua za mwezi wa Novemba zitairudisha kama sabuni. Jino moja halifupishi kilomita, na halijengi daraja. Hiyo ni kazi ya wale waliohamisha watu na wale wanaoongoza jimbo. Lakini kabla daraja halijaja, familia iliyohamia mbali inaweza kufanya hesabu yake: andika njia, andika mzigo, kisha uhesabu meno.