Akiba ya Ndugu kama Dhamana ya Mkopo: Berega na Ulaya

Katika vyama vya ushirika wa akiba na mikopo, vinavyofahamika kwa kifupi kama SACCOS, mwanachama kwa kawaida huruhusiwa kukopa zaidi ya alichoweka, mara nyingi hadi mara 3 ya akiba yake, na pengo hilo huzibwa na mdhamini, yaani mwanachama mwingine anayekubali kwamba marejesho yakikwama, deni likatwe kwenye akiba yake yeye. Tangu anapotia saini, akiba hiyo huzuiwa: mwenyewe huiona daftarini, lakini haruhusiwi kuitoa mpaka mkopo uishe.

Katika kata ya Berega, wilayani Kilosa, ambako wengi huishi kwa kilimo, mwenye mshahara, awe mwalimu au mfanyakazi wa hospitali ya misheni ya Kanisa Anglikana, ndiye hufikiriwa kwanza ndugu anapotafuta mdhamini. Tena, kwa Wakaguru wa huko, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, mjomba ana kauli kubwa juu ya wapwa zake, kwa hiyo ombi lake halijibiwi kama ombi la jirani. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, iliyofuata mfano wa ile ya India ya mwaka 1872, haitazami undugu huo. Mdhamini hudaiwa sawasawa na mkopaji, isipokuwa mkataba wenyewe uwe umesema vinginevyo.

Ugomvi huwa mchungu zaidi pale akiba iliyokatwa inapokuwa imetoka kwa ndugu aliye ughaibuni, aliyekuwa akimtumia dada yake fedha za ujenzi, naye dada akaziweka kwa jina lake na baadaye akamdhamini shemeji. Kwa chama, mwanachama ni yule ambaye jina lake limo daftarini, na aliyetuma hana la kudai kwao. Kilichobaki ni lawama za simu, kisha kikao cha ukoo ambacho yeye hahudhurii. Ni dhuluma kumwita dada huyo mwizi, kwa kuwa alitumia uaminifu uleule uliomfanya akabidhiwe fedha.

Ulaya nako ndugu hudhaminiana, ila mahakama zimejifunza kuutilia shaka uhuru wa saini inayotolewa kwa mapenzi. Mwaka 1993 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilishughulikia shauri la binti aliyemdhamini baba yake akiwa na umri wa miaka 21, kwa maki 100,000, ilhali hana mali na kipato chake ni kidogo, baada ya ofisa wa benki kumweleza kwamba saini ilihitajika kwa ajili ya jalada tu. Ikaamua kuwa majaji wana wajibu wa kuingilia kati mzigo unapomzidi mno mtu asiye na nguvu ya kujadiliana. Nchini Uingereza, hukumu ya mwaka 2001 katika shauri la Etridge ilizitaka benki zihakikishe kwamba mke anayeweka nyumba rehani kwa deni la mumewe ameelezwa hatari na mwanasheria, ana kwa ana, mume akiwa hayupo. Benki ya Barclays nayo imekuwa na mkopo wa nyumba ambao mzazi huweka asilimia 10 ya bei kwa miaka 5, hivyo kiasi na muda hujulikana tangu mwanzo.

Tanzania imekwisha kuikubali hoja hiyo ya kuwakinga wanafamilia kwa upande wa nyumba, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huzuia nyumba ya familia kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Akiba ya dada au mpwa haina kinga kama hiyo. Chama cha kijijini hakihitaji mwanasheria wa kulipwa ili kumketisha mdhamini peke yake, kumsomea kiasi na muda, kwa Kikaguru ikibidi, na kumpa taarifa rejesho la kwanza linapokosekana. Taarifa ikifika wakati deni lingali dogo na mahindi hayajauzwa, ndugu huweza kukaa na kupanga nani achangie nini. Ikifika akiba imekwisha kukatwa, kikao huwa cha kumtafuta mkosaji.